Kisu cha jikoni kiko kwenye msimbo gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu, nasoma fasihi na filamu. Tumepewa kazi ya kuchambua onyesho la kwanza la filamu ya kutisha kwa misimbo mitano ya Roland Barthes, mhakiki wa Kifaransa, yaani sauti tano zinazobeba maana katika matini. Nimechagua Halloween ya mwaka 1978. Nilichora jedwali la safu tano, kila msimbo nikaupa mifano mitatu. Kazi imerudi na wino mwekundu: "Umeorodhesha, hujachambua." Halafu kuna ubishi. Mimi kisu nimekiweka kwenye msimbo wa matukio, mwenzangu anashikilia kwamba ni msimbo wa kiishara. Nani yuko sahihi? Na shoti yenyewe ni ndefu, haikatiki. Leksia, yaani vipande vya kuchambua, nitazikataje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Nianze na kisu, maana ukikielewa hicho mengine yatakuja yenyewe. Wewe na mwenzako wote mna hoja, na wote mmeteleza mahali pamoja: mnaongea kana kwamba kitu huzaliwa na msimbo wake, kama mtu na kabila lake. Swali la kujiuliza ni hili: mtazamaji, kwa sekunde hiyo, anakitumia kisu kujua nini? Kama anajua kwamba sasa kuna jambo litatendeka, hapo ni matukio. Kama anajiuliza ni nani huyu anayejua droo ya visu iko wapi, hapo ni hemenitiki, msimbo wa fumbo na jibu lake. Kisu ni kimoja na sekunde ni ileile, ila kamba zinazopita hapo ni mbili au tatu.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona filamu: mwongozaji ni John Carpenter. Majina ya washiriki yanapita kando ya boga lililochongwa sura, mwanga ukicheza ndani yake. Kisha maandishi yanatuambia tuko Haddonfield, Illinois, usiku wa Halloween, mwaka 1963. Kuanzia hapo kamera inatembea kama macho ya mtu. Inaifikia nyumba ya mbao ya ghorofa, inazunguka ubavuni, inachungulia dirishani: binti na mpenzi wake wako kwenye kochi. Wanapanda juu. Taa ya chumbani inazimwa. Kamera inaingia kwa mlango wa nyuma, mkono unachukua kisu jikoni, kijana anashuka na kwenda zake, kamera inapanda ngazi, inavaa barakoa, na binti anachomwa kisu hadi anakufa. Kamera inashuka tena, inatoka kwa mlango wa mbele, gari linasimama, wazazi wanashuka, baba anaivua barakoa. Hapo ndipo tunaonyeshwa kwa mara ya kwanza aliyekuwa akitazama muda wote: Michael, mdogo wa yule binti, mtoto wa miaka 6.

Sasa jedwali lako. Barthes mwenyewe, katika kitabu chake S/Z cha mwaka 1970, hakuchora jedwali. Alichukua hadithi ya mwandishi wa Kifaransa Balzac, Sarrasine, iliyotoka mwaka 1830, akaikata vipande 561 alivyoviita leksia, akavipitia kimoja kimoja kuanzia kwenye kichwa cha hadithi hadi sentensi ya mwisho, na kila kipande akakitegea sikio: hapa inasema sauti gani? Aliufananisha utaratibu huo na karatasi ya nota za muziki, ambapo ala kadhaa zinapigwa kwa pamoja huku wakati ukienda mbele. Jedwali linaua wakati. Ukishakichomoa kisu kutoka dakika yake na kukipanga chini ya boga na gari la wazazi, umebaki na vitu vya dukani.

Majina ya misimbo unayo tayari, kwa hiyo sitakaa hapo. Kwenye madarasa yetu ya uhakiki tumezoea kusema msimbo wa matukio (matendo yanayofuatana), wa kihemenitiki (fumbo na jibu lake), wa kiseme (sifa ambazo kitu kinazidokeza), wa kiishara (pande zinazopingana), na wa kiutamaduni (maarifa ya pamoja) ambao wengine huuita wa kirejelezi. Jambo moja ambalo wanafunzi wengi huliruka ni kwamba misimbo hii haifanani tabia. Matukio na hemenitiki zimefungwa kwenye mfuatano: huwezi kupata jibu kabla ya swali, wala kuchoma kisu kabla ya kukishika. Seme, ishara na utamaduni unaweza kuziokota popote, mwanzo au mwisho, na hazijali foleni. Kwa filamu ya kutisha tofauti hii ndiyo kila kitu, kwa sababu hofu ya onyesho hili imejengwa na zile mbili zenye foleni, halafu zile tatu zinatumika kuidanganya foleni.

Hemenitiki ndiyo iliyowashinda wengi, na wala si ngumu kwa mtu aliyekua akitegewa vitendawili. Bibi anasema "Kitendawili!", watoto wanaitikia "Tega!" Anatega. Mnabahatisha, mnakosea, mnabahatisha tena. Mkishindwa hakupi jibu bure: "Nipe mji." Mnampa Tanga, anaukataa, mnampa Zanzibar, anaupokea, anazunguka huko kwanza, ndipo anafumbua. Utamu wote uko kati ya kutega na kufumbua. Barthes aliipa majina mizunguko hiyo: kuna mtego, yaani dalili inayokupeleka njia isiyo, kuna kauli yenye ncha mbili, iliyo kweli na uongo kwa pamoja, kuna jibu nusu, kuna jibu linaloahirishwa, kuna kukwama. Unapochambua hemenitiki, usiandike tu "kuna fumbo la nani muuaji". Sema sekunde hii bibi anafanya nini: anatega, anadanganya, au anadai mji?

Turudi dirishani. Binti na kijana wako kwenye kochi, sisi tuko nje na huyo anayechungulia. Kijana anauliza kama wako peke yao. Binti anajibu kwamba Michael yuko hapahapa mahali fulani. Simamisha filamu hapo. Jibu la kitendawili limeshatamkwa, kwa jina, hata dakika mbili hazijapita tangu kamera ianze kutembea, na hakuna aliyelisikia. Kwa nini? Kwa sababu kwenye msimbo wa matukio sentensi ile ina kazi nyingine: wapenzi wanahakikisha hakuna atakayewasumbua, basi wapande juu. Tunaisikia kama hatua ya mapenzi, na taarifa ya hemenitiki inapita chini ya meza. Hiyo ni kauli yenye ncha mbili iliyo safi kuliko zote ninazozijua kwenye filamu za aina hii. Jedwali lako halikuwa na mahali pa kuiandika, maana safu moja haitoshi kuonyesha msimbo mmoja unavyouficha mwingine.

Mtego wenyewe uko kwenye kamera. Tumeshazoea kwamba anayenyemelea nyumba ya watu usiku ni mwanamume mzima, na kamera haitusahihishi. Inatembea kwa kimo ambacho hakikufanyi umfikirie mtoto wa chekechea. Hata mikono tunayoiona ikichukua kisu haikuwa ya mtoto aliyeigiza. Ilikuwa ya Debra Hill, mtayarishaji wa filamu hiyo na mwandishi mwenza. Mtu anaweza kuita hilo kosa la kiufundi. Kwa mchambuzi wa misimbo si kosa: ni sentensi ya uongo iliyosemwa kwa sarufi safi.

Na kuhusu sarufi, hapa Kiswahili kinakupa silaha ambayo wanaochambua filamu hii kwa Kiingereza hawana. Jaribu kusimulia onyesho hili kwa lugha yako: anatembea, anachungulia, anafungua mlango, anavuta droo, anachukua kisu, anapanda ngazi. Umeona? Kiambishi "a-" hakisemi mume wala mke, mkubwa wala mdogo. Kitenzi kiko kazini na nomino haipo. Hivyo ndivyo shoti hii ilivyo: vitenzi dakika nne, na nomino inasubiri nje ya fremu. Kwenye Sarrasine kitendawili kinasimama juu ya jinsia. Mchongaji anampenda mwimbaji Zambinella akiamini ni mwanamke, kumbe ni mwanamume aliyehasiwa, na kiwakilishi cha kike cha Kifaransa ndicho kinachomdanganya msomaji pamoja naye. Atakayeitafsiri hadithi hiyo kwa Kiswahili itambidi autafute uongo huo mahali pengine, maana "alimpenda" yetu haitamki jinsia. Lakini kwa Halloween, lugha yetu inaubeba mtego bila jasho. Tumia hilo kwenye kazi yako. Andika leksia zote za mwanzo kwa "a-" tupu, na neno "mtoto" usilitumie hata mara moja mpaka baba aivue barakoa. Msahihishaji atahisi kile ambacho mtazamaji alihisi.

Sasa kisu, kama nilivyoahidi. Mkono unaingia jikoni na kufungua droo. Haukosei droo, haupekui kabati kwa kabati. Kwa matukio, hatua ya "kuchukua silaha" inafungua mfuatano ambao tunaupa jina kabla haujaisha: kuua. (Barthes anasisitiza hilo, kwamba mfuatano wa matendo upo pale tu msomaji anapoweza kuupa jina.) Kwa hemenitiki, ule urahisi wa mkono ni jibu nusu: huyu si mgeni humu ndani. Kwa seme, kisu cha jikoni kinanuka nyumbani, kitunguu, chakula cha jioni. Si bastola wala shoka. Ndipo mwenzako anapata haki yake kidogo, kwa sababu hiyo harufu ya nyumbani ndiyo inayolisha upinzani wa kiishara wa onyesho zima: ndani ni usalama, nje ni hatari. Huyu ametoka nje, amepita mlango wa nyuma, na silaha ameikuta ndani. Mstari wa katikati umevukwa. Ila mwambie mwenzako asiruke moja kwa moja kwenye "kisu ni ishara ya uume" kama vitabu vingine vinavyopenda. Huenda ni kweli, lakini kwa leksia hii hajaonyesha ni nini kwenye picha kinachomlazimisha kusema hivyo.

Taa ya juu inapozimwa, muziki unapiga mlio mkali. Muziki hauna msimbo wake peke yake kwa Barthes; ni chombo, unabeba msimbo wowote utakaopakiwa. Hapa unabeba matukio: unatuambia mfuatano wa kutazama umekwisha na mwingine umeanza. Kati ya taa kuzimwa na kijana kuteremka ngazi akivaa shati haifiki dakika mbili, na kila nilipoiona filamu hii na watu, hapo wamecheka. Cheko hicho nacho ni msimbo wa matukio ukilalamika: mfuatano tuliokuwa tumeshaupa jina umefupishwa mno.

Kukata leksia kwenye shoti ndefu. Usihangaike na mikato ya mhariri. Kwanza, shoti hiyo inaonekana moja lakini ina mikato iliyofichwa, mmojawapo pale barakoa inapovaliwa na skrini inapoingia giza. Pili, leksia si shoti. Ni kipande cha usomaji. Kwa Barthes kingine kilikuwa maneno mawili matatu, kingine sentensi kadhaa. Alikata pale alipoona maana zinatosha kushikika, na alikiri wazi kwamba ukataji huo ni wa kujiamulia. Kwa hiyo kata pale sauti mpya inapoingia au ya zamani inapogeuka: kamera inapobadili mwelekeo, mkono unapotokea, taa inapozimwa, mtu anapotamka jina. Mimi nikiikata, kutoka boga hadi wazazi, napata leksia 14. Wewe ukipata 11 au 20 sawa tu, ili mradi uweze kutetea kila mkato.

Hii hapa moja, ili uone uandishi wake unavyokaa:

"Leksia ya 9. Mkono unaokota barakoa sakafuni. Skrini inafunikwa, kisha tunaona kupitia matundu mawili. Mwendo wa matukio ni mfupi: kuvaa, hatua ya mwisho kabla ya chumba. Barakoa ni ya mchekeshaji wa sarakasi, nayo inaleta seme ya utoto na mchezo, ambayo inagongana na kisu kilichoko mkono wa pili. Utamaduni unajaribu kuipoza gongano hiyo: ni usiku ambao watu huvaa sura zisizo zao. Lakini barakoa hiyohiyo tuliiona kochini usoni mwa mpenzi akitania, kwa hiyo sasa mchungulizi anavaa sura ya yule aliyetoka kitandani. Na hemenitiki? Sura tuliyokuwa tukiisubiri inafunikwa kabla hatujawahi kuiona. Tumedaiwa mji."

Angalia kwamba misimbo haijapewa zamu sawa. Utamaduni umepata sentensi moja, na inatosha. Mahali pengine utakuta leksia yenye msimbo mmoja tu, nayo iache hivyo. Usiitafutie minne ya kujazia.

Msimbo wa kiutamaduni unahitaji tahadhari ya pekee kwa sisi tunaotazama kutoka huku. Ni msimbo wa maarifa yanayodhaniwa kila mtu anayo. Mtazamaji wa Marekani haelezwi kwa nini kuna boga lenye sura, wala kwa nini watoto wanasikika wakiimba juu ya paka weusi na vibwengo. Anajua kwamba usiku wa tarehe 31 Oktoba watoto hupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Kwake mtoto aliyevaa kama mchekeshaji barabarani usiku ule ni kawaida kabisa, na hapo ndipo pa kujifichia. Mtu asiye na maarifa hayo anaona boga lenye sura na anasubiri uchawi. Si kwamba amekosea. Anasoma filamu nyingine. Kwenye kazi yako taja wazi unamsoma mtazamaji yupi.

Upande wa pili kuna kupitiliza. Niliwahi kusahihisha kazi iliyosema kwamba mwaka 1963 umewekwa kwa ajili ya kifo cha Rais Kennedy, aliyeuawa tarehe 22 Novemba mwaka huo, siku 22 baada ya Halloween. Tarehe ni sahihi. Lakini ndani ya onyesho hakuna chochote kinachoigusa habari hiyo: si redio, si picha ukutani, si neno. Kazi ya mwaka 1963 ni kuanzisha hesabu, kwa kuwa filamu itahamia 1978 na mtoto yule atakuwa mtu mzima.

Niseme na hili la vibanda umiza, maana lilinifundisha hemenitiki kuliko darasa lolote. Nikiwa kijana tulitazama filamu hii kwenye kibanda, na mtafsiri kama kawaida yake alikuwa anaongea juu ya sauti. Kamera ilipofika dirishani akatuambia: "Huyo anayechungulia ni mdogo wake, mtaona." Kibanda kizima kikapiga kelele. Kwa sentensi moja alikuwa ameua kitendawili, lakini watu hawakutoka, na hofu haikupungua. Ilihamia kwenye matukio. Tukaacha kuuliza "nani" tukaanza kumhesabia hatua: mlango, droo, ngazi. Mtu mmoja nyuma yangu alikuwa akimwita binti kwa sauti afunge mlango. Baadaye nikiwa mwalimu nimelifanya zoezi: onyesha nusu ya darasa onyesho hili bila kuwaambia, nusu nyingine waambie jibu mapema, kisha waandike walichokitazama. Linganisha karatasi. Utaona kwa macho msimbo mmoja ukizimwa na mwingine ukipanda sauti. Ukiweza, fanya na wenzako wanne watano kabla hujaandika upya.

Mwisho wa onyesho ndio ninaotaka ukae nao muda mrefu kuliko wote. Baba anatamka jina, "Michael?", kwa sauti ya kuuliza. Anavuta barakoa. Kamera, ambayo dakika zote hizi ilikuwa ndani ya macho ya mtoto, sasa iko mbele yake, na nomino inaingia: mtoto mdogo, nguo za sarakasi, kisu chenye damu. Kitendawili cha "nani" kimefumbuliwa, na lile jina lililopita chini ya meza kule dirishani limerudi kudai malipo. Halafu kamera inaanza kurudi nyuma na kupanda juu, taratibu, na katika fremu inayozidi kupanuka wazazi wamesimama kama sanamu, mmoja huku na mmoja huku, mtoto katikati. Msimbo wa matukio unakuomba uupe jina mfuatano unaofuata. Kumpokonya kisu? Kumkumbatia? Kukimbilia ndani kumtazama binti? Hakuna linalotendeka. Hakuna hata anayeinua mkono. Na papo hapo, palepale matukio yalipokwama, hemenitiki inatega upya, safari hii kwa "kwa nini", kitendawili ambacho filamu haitakifumbua hadi mwisho wake. Kazi yako iishie kwenye fremu hiyo, kabla hawajatupeleka 1978.